Jirani Anauliza Habari za Pwani

4 Machi

Mdogo wangu Timazi,

Salamu nyingi, na usishtuke kuona barua. Najua umepiga simu mara tatu wiki hii. Simu yangu imeharibika upande wa sauti. Inaita vizuri, lakini ukipokea ni mikwaruzo mitupu. Kwa hiyo tutarudi kwenye karatasi kama wazee wenzetu. Hii naituma kwa basi la asubuhi, na wewe nijibu kwa basi. Karani wa stendi ananijua, mama yake nilimsimamia kule kiwandani na mpaka leo akiniona ananiita Nyapara.

Nina swali, na si langu. Nina jirani, mwanamke wa rika langu, mstaafu kama sisi. Kifua kinamsumbua. Wamemwambia ahamie pwani, hewa ya huko itamfaa, na yeye hajui amsikilize nani. Nikamwambia nina ndugu yangu huko, mwaka wa tatu sasa, tena alikuwa mkaguzi wa majengo miaka thelathini na moja. Nikamwambia kwamba walikupa jina la Timazi kwa sababu ulikuwa hutoki nyumbani bila ile kamba yenye risasi mfukoni, na kwamba uliwahi kukataa jengo zima la ofisi kwa ajili ya ngazi moja iliyozidi mwenzake kwa upana wa kidole. Mtu kama huyo hadanganyi kuhusu pwani.

Basi mwandikie pwani kama ulivyokuwa unaandika majengo yako, bila kuficha kitu. Anataka kupanga chumba tu, hata kwenu, kama wifi hatachukia. Anajipikia, hana makelele.

Najua unacheka. Siku mnapakia vitu nilisimama mlangoni nikasema mtu mzima na akili zake anakwenda kujianika juani kama kenge. Nikasema mimi nyumba hii ya mama nitatoka nikiwa nimebebwa. Sijafuta neno. Huyu ni jirani, si mimi.

Mwisho wa barua niandikie neno moja nimpelekee: aje, au asije.

Msalimie wifi.

Dada yako,
Nyapara

5 Machi

Mwanangu Mwalimu,

Nimekwenda kwa daktari kama ulivyonilazimisha. Alitazama picha yangu kwenye taa, akaniuliza nilifanya kazi wapi. Nikamwambia kiwanda cha mablanketi, miaka ishirini na sita kwenye chumba cha kuchambua manyoya. Akasema, "Mama, kiwanda bado umekibeba." Kule chini mapafu ni meupe kama sakafu yetu ya kiwandani ilivyokuwa jioni kabla ya kufagiwa.

Amesema baridi ya Juni nisiingoje hapa juu. Nishuke pwani mapema, nikae huko moja kwa moja, na nikifanya hivyo anaweza kuniahidi miaka. Nisipofanya hakuniahidi kitu, na mimi sikumuuliza.

Nimeweka kiti katikati ya korido. Nikitoka chumbani kwenda jikoni nakaa kwanza, halafu naendelea. Simu yangu ni nzima, lakini mjomba wako akipiga sipokei, maana kwa sentensi mbili tu atasikia pumzi zinavyonikata. Nimemwandikia kwamba ni jirani anayeuliza. Usinikaripie. Nikimwambia ni mimi atasema njoo, lazima aseme, nami nitakuwa nimeingia nyumba ya wifi kwa huruma, baada ya maneno niliyomwambia mlangoni hapa na yeye amebeba masufuria yake. Nataka kwanza nijue kama mlango uko wazi, ndipo nibishe. Akimkataa jirani, hakuna aliyeaibika.

Kwako siji. Shule yenu iko juu kuliko hapa, hata wewe unalala na soksi. Na usimwambie mjomba wako. Nakuapisha kwa maziwa niliyokunyonyesha.

Mama

19 Machi

Dada Nyapara,

Barua imefika ikiwa imelowa pembe moja, maana hapa hata karatasi hailali kavu. Tuanzie hapo.

Chumvi inakula kila kitu. Bawaba za milango nimebadilisha mara mbili. Friji tuliyokuja nayo ilikaa miezi kumi na moja. Ule utepe wangu wa chuma wa kupimia, niliokaa nao tangu nikiwa kijana, siku moja niliuvuta ukabaki nusu mkononi. Ukuta unaotazama maji unatoka rangi kama mtu anayebambuka baada ya surua. Maji ya kisima hayatoi povu, unapaka sabuni mpaka unachoka na shati liko vilevile.

Watu: mtaa wetu una nyumba kumi na nne, kumi na moja zimefungwa, wenyewe wanakuja Desemba. Ukitaka kumsalimia mtu unatembea. Na ikifika hiyo Desemba, ndugu ambao hawakuwahi kukutembelea ulipokuwa jirani nao wanakumbuka kwamba una nyumba karibu na maji. Wanakuja saba, wanaondoka na kuacha mchanga kwenye mashuka.

Hospitali ni mwendo wa saa moja na nusu barabara ikiwa nzima. Mashine yao ya picha imekufa kutu.

Nimeongeza chumba nyuma ya nyumba, futi kumi na mbili kwa kumi, madirisha mawili yanayotazamana. Ni stoo.

Nimeandika nilichokiona, kwa mtindo wa kazi. Sasa kuhusu jirani yako. Mtu mwenye kifua akizidiwa hapa, nani atambeba? Halafu kuna wifi yako. Unamjua, hapendi mtu mgeni jikoni kwake. Mwambie huyo mama abaki na watu wake. Ulitaka neno moja: asije.

Simu yako itengenezwe basi. Wifi yako anakusalimu.

Mdogo wako,
Timazi

2 Aprili

Timazi,

Nimemsomea jirani. Amecheka kwenye utepe wa kupimia mpaka akakohoa.

Ila anasema hujamjibu alichouliza. Umeandika bawaba, friji na mashuka, hewa hukuigusa. Je, asubuhi mtu anaamka akivuta pumzi vizuri? Wewe mwenyewe ulikuwa na pumu utotoni, mama alikuwa anakuinamisha juu ya beseni la maji ya moto na kukufunika shuka. Imekuwaje huko?

Halafu anauliza, na hata mimi nauliza, ni stoo gani yenye madirisha mawili? Mchele unatazama nje? Kama chumba kipo, yeye kinamtosha. Mlango wake mwenyewe, jiko lake mwenyewe, wifi hata hatamwona. Ni mtu wa kukaa kimya. Nakuomba kama dada yako, na mimi si mtu wa kuomba, unajua.

Huku asubuhi zimeanza kuwa na ukungu.

Nyapara

16 Aprili

Dada,

Naona huyo jirani amekuteka. Tangu lini wewe unaombea watu? Kiwandani ulikuwa mtu akichelewa dakika tano unamrudisha getini.

Nimezungumza na wifi yako tena, jibu ni lile lile. Kasema nyumba hii si wodi. Samahani kwa neno, nimelileta kama lilivyosemwa ili usirudi kuniuliza mara ya tatu. Na stoo ni stoo. Sakafu yenyewe haijakauka vizuri, nimeibomoa na kuimwaga upya.

Nakuuliza wewe sasa, si jirani: hujambo? Mwandiko wako umelala upande.

Timazi

17 Aprili

Mke wangu,

Sijakuandikia tangu uondoke, na huu ni mwaka na miezi miwili. Nilikuwa nangoja uanze wewe. Natumaini wajukuu hawakuchoshi na kijana wetu anakutunza vizuri.

Nakuandikia kwa sababu nimekusingizia. Dada yangu hajui kwamba uko kwa mtoto. Kila barua nampelekea salamu zako. Sasa ameleta maombi ya mwanamke fulani jirani yake, mgonjwa, apange kwetu. Mimi nitakaaje peke yangu na mke wa watu nyumba moja? Na nikisema niko peke yangu, atasema nini? Alisema siku ile kwamba pwani ni mahali pa kwenda kungoja kifo. Basi nimemwambia wewe ndiye umekataa, na nimekupa maneno makali ambayo hukuyasema.

Nilikuwa nimesikia wenzangu wa ofisini wakizungumza pwani, pwani, miaka yote. Sikujua kwamba walikuwa wanazungumza wiki mbili za likizo. Ulikuwa umenionya. Ninazungumza na redio siku hizi, na inanikatiza.

Rudi. Nimebadilisha bawaba.

Mumeo

28 Aprili

Mume wangu,

Wajukuu wazima. Sirudi. Ule ukimya ulinila kama chumvi inavyokula bati, na wewe ulikuwa unazunguka nyumba na kamba yako unapima kuta.

Ila hilo la kunisingizia kwa wifi sikulipenda. Mimi na yeye tuligombana juu ya masufuria, hatukugombana juu ya utu. Mwambie ukweli. Na hicho chumba unachokijenga, najua ni cha nani, ulinionyesha ramani yake kabla hata sijaondoka. Si ulisema kitanda kikae hapa ili aone mlango? Mwite dada yako. Acha kiburi, wazee hatuna muda huo.

Mkeo

20 Mei

Mwanangu Mwalimu,

Nimebisha mara mbili, mlango umefungwa. Wifi amesema nyumba yake si wodi. Mjomba wako ameliandika hivyo hivyo, na mimi namshukuru, ni heri kujua. Kuhusu hewa nilimuuliza wazi, hakujibu neno. Timazi akinyamazia kitu ujue amekiona na ni kibaya. Kwa hiyo hata ningekwenda huenda nisingepata kitu.

Unasema unataka kumpigia. Nakukumbusha kiapo. Sitaki ajue kwamba alinikataa, aishi na hilo. Mwache aendelee kudhani ni jirani. Akiniuliza siku moja, nitamwambia jirani alikwisha kwenda.

Nimeleta jiko la mkaa chumbani, halafu nikalitoa, moshi ni mbaya kuliko baridi. Nimejifunika mablanketi matatu ya kiwanda, yale waliyotupa siku ya kustaafu. Yanapukutika bado, nikiamka nayatoa manyoya mdomoni. Viti vya korido sasa ni viwili.

Naogopa, mwanangu. Sikuwahi kukuandikia neno hili, basi limeandikwa.

Usije kabla shule hazijafungwa. Watoto wana mitihani.

Mama

11 Juni

Dada yangu mpendwa,

Kaa chini kwanza. Nina mambo ya kuungama na nimeyapanga vibaya.

La kwanza, wifi yako hayupo. Aliondoka mwaka jana mwezi wa pili, yuko kwa mtoto, analea wajukuu. Salamu zote nilizokuletea nilizitunga. Lile neno la wodi ni langu, yeye hakulisema na hata hakujua habari za jirani mpaka nilipomwambia. Naomba usimchukie kwa uongo wangu.

La pili, stoo si stoo. Ulishagundua, nilijua umegundua. Ni chumba chako. Nilikichora siku ya pili tu baada ya kufika. Nilikuwa nangoja kikamilike, maana katika maisha yangu sijapitisha jengo bovu, na nisingeanza na wewe. Plasta ilichelewa kukauka, nikaibandua. Sakafu ilikuwa imelalia upande wa mlango, nikaimwaga upya mara mbili. Dirisha la pili fundi alilikosea, likakaa wiki tano. Kila mwezi nilisema mwezi ujao namwandikia. Jana nimening'iniza timazi kwenye pembe zote nne, hazina hata unywele wa kosa. Leo asubuhi nimeandika barua hii.

La tatu ni fupi. Dada, upweke umenishinda. Njoo tuishi wote. Najua uliapa kutoka nyumba hiyo umebebwa, lakini kiapo kile ulikiapa mbele yangu na mimi nimekusamehe. Hata huyo jirani yako mlete, kama bado anataka. Wewe ukiwepo hakuna wa kusema kitu, na mtakuwa mnanisengenya kwa pamoja.

Nijibu kwa basi la kwanza. Au njoo tu bila kujibu.

Mdogo wako,
Timazi

2 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama baada ya mazishi.

Wiki iliyopita nilipita stendi kumshukuru karani kwa mchango wake. Akatoa bahasha chini ya meza, akasema ilifika tarehe kumi na mbili, alikuwa anamngoja Nyapara aje kuichukua kwa bodaboda kama kawaida yake. Hakujua kwamba tangu mwisho wa Mei mama hakuweza kufika hata getini. Mama alituacha tarehe kumi na nne. Siku mbili ilikaa pale, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu.

Nimeisoma. Sikupaswa, lakini nimeisoma.

Siku ya mazishi ulinishika mkono ukaniuliza, "Yule jirani mwenye kifua yuko wapi, nimpe pole?" Nikakujibu kwamba hayupo. Ukasema ni vibaya mtu asije kumzika rafiki aliyemwombea namna ile. Nilikuwa nimeapishwa, na kaburi lilikuwa bado bichi.

Mjomba, hakukuwa na jirani. Pande zote mbili za nyumba ile unazijua, kuna ghala la mbao na kuna uwanja. Alikuwa mama. Daktari alimwambia Machi ashuke pwani kabla ya Juni. Hakutaka umkubali kwa huruma, akatuma jirani mbele.

Nilikaa na siri hii miezi mitatu, nikisahihisha madaftari ya watoto. Ningeweza kukupigia simu siku yoyote. Kwa hiyo sikuandikii kukulaumu. Nakuandikia kwa sababu siwezi kuibeba peke yangu, na kwa sababu kuna jambo moja sijalielewa. Mama alikuuliza kuhusu hewa. Alikuuliza wazi, Aprili. Alikufa akiamini kwamba ulinyamaza kwa sababu ni mbaya. Ni mbaya, mjomba? Ukiniambia ndiyo, angalau nitajua kwamba asingepona hata huko.

Nakuomba unijibu ukweli.

Mpwa wako,
Mwalimu

13 Julai

Mwanangu Mwalimu,

Marahaba. Barua yako nimekaa nayo siku sita. Nilikuwa naisoma kwenye chumba cha nyuma, kisha naiacha humo na kufunga mlango, halafu narudi.

Umeniomba ukweli. Ngoja nikueleze kwanza kazi yetu ilivyokuwa. Fomu ya ukaguzi ilikuwa na sehemu ya kasoro peke yake. Ukiingia jengo unaandika ufa, unyevu, bawaba iliyolegea. Kitu kizima hukiandiki, unakipita. Mwenye jengo akiona hukutaja paa, analala usingizi, anajua paa ni zima. Miaka thelathini na moja niliandika hivyo, na mama yako aliponiambia niandike kama nilivyokuwa naandika majengo, nikaandika hivyo. Nikataja friji, nikataja sabuni. Hewa nikaipita.

Aliponiuliza mara ya pili nilikuwa nimeshughulika kuficha kwamba niko peke yangu. Nilisoma mstari ule, nikaona ni wa jirani, nikauruka.

Basi nijaze leo upande ambao fomu haikuwa nao. Pumu niliyokua nayo, ile ya beseni na shuka, iliniacha mwezi wa pili baada ya kufika hapa. Dawa yangu ya kuvuta imeisha muda wake kwenye droo, sijaifungua. Saa kumi na mbili asubuhi upepo unaingia dirisha la kwanza la kile chumba na kutokea la pili, ndiyo maana niliyaweka yatazamane. Nilikuwa namfikiria yeye tangu siku ninachora, kwa sababu nilijua kiwanda kile kilikuwa kinamfanya nini, nilikuwa namsikia akikohoa upande wa pili wa ukuta tukiwa bado tunaishi wote kwa mama. Sikujua kimefika wapi. Na magoti hayaumi hapa. Na mtu analala.

Sitakudanganya ili upoe. Si mbaya, mwanangu. Angepumua.

Kuhusu wewe na kiapo, ulimtii mama yako, hilo si kosa la kubeba. Mimi sikuwa nimeapishwa na mtu. Ningeandika Aprili na sakafu ikiwa mbovu, angekuja akakanyaga sakafu mbovu. Angenitania mwaka mzima kwamba Timazi amejenga mteremko. Ningeshukuru kusikia hayo.

Kitanda nimekiweka mahali anapoweza kuuona mlango. Sikitoi. Shule zikifungwa, uje ulale humo, ukitaka kunilaumu vizuri unilaumu ukiwa karibu.

Barua yake ya kwanza ninayo hapa mkononi. Aliniomba mwishoni nimwandikie neno moja tu, ampelekee jirani. Nililijibu vibaya, na nimelikata kwenye nakala ya jibu langu niliyobaki nayo, nikaandika juu yake kwa kalamu ileile niliyokuwa nasainia majengo:

Aje.

Mjomba wako,
Timazi